Yai la geko limebonyea, limeota ukungu au limepitisha siku: kosa liko wapi?

Mayai mengi ya geko yanayoharibika majumbani hayana ugonjwa wowote. Yameharibiwa na maji yaliyozidi, na joto lililopanda mchana mmoja nyumba ikiwa haina mtu, au na mkono uliogeuza yai ambalo lilitakiwa lilale vilevile mpaka mwisho. Tabu ni kwamba dalili moja huwa na vyanzo viwili vitatu, na dawa ya chanzo hiki huua yai lenye chanzo kile. Yai lililobonyea kwa kiu linataka maji. Lililobonyea kwa sababu kitoto kiko mlangoni, ukiliongezea maji unakizamisha. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, ujue yai lina siku ngapi, liko kwenye joto gani, na kopo lake limepoteza maji kiasi gani.

Geko tunayemzungumzia ni geko chui (Eublepharis macularius), mjusi wa nyanda kavu za Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi mwa India, ambaye leo anafugwa ndani ya nyumba karibu kila bara. Jike hutaga mayai mawili kwa mkupuo, mara chache moja, na anaweza kurudia kila baada ya wiki mbili hadi nne msimu mzima. Yai lina urefu wa karibu sentimita 3 na uzito wa gramu 3 hivi. Ganda lake ni laini kama ngozi, na ngozi hiyo hunywa maji kutoka kwa kinachoizunguka na kuyaachia vilevile. Karibu matatizo yote yanaanzia hapo. Mayai ya ganda gumu, kama yale mawili meupe ya mjusi kafiri unayoyakuta nyuma ya kabati, yana kanuni zake, na yamewekwa mwishoni.

Vipimo kwanza

Kipimajoto cha bei rahisi kinaweza kukosea kwa nyuzi 2 (Selsiasi, na ndivyo kote humu). Kipime hivi: jaza bilauri barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo ya kuziba mianya tu, koroga, chovya ncha, subiri dakika 3. Kinatakiwa kisome 0. Kikisoma 1.5, bandika karatasi juu yake uandike "toa 1.5" na uendelee kukitumia. Uwe navyo viwili, maana kimoja kikianza kuharibika peke yake hutajua.

Ncha ya termostati (kifaa kinachowasha na kuzima hita) isining'inie karibu na chanzo cha joto wala isibandikwe ukutani mwa mashine ya kutotoleshea. Chukua kopo tupu la aina ileile uliyowekea mayai, litie vamikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika maji, ambamo mayai huzikwa) yenye unyevu uleule, chomeka ncha humo na uliweke safu moja na mayai. Hapo termostati inahisi kile hasa ambacho yai linahisi. Ukiiacha hewani, kila ukifungua mlango itadhani mashine imepoa na itachochea joto bila sababu.

Kuna kosa moja linalopoteza mayai mengi kwa siku moja: mashine ya kutotolesha vifaranga. Watu wanayo nyumbani au wanaazima kwa jirani mfuga kuku, wanaingiza mayai ya geko, wanawasha. Mashine ya kuku hukaa nyuzi 37.5 na hugeuza mayai kila baada ya saa kadhaa. Mambo yote mawili huua yai la geko. Ukitaka kuitumia, chomoa mota ya kugeuzia kabisa, wala usiamini swichi yake tu; shusha joto; izungushe tupu kwa siku mbili ukiandika vipimo asubuhi, mchana na usiku wa manane; na mayai yakae ndani ya makopo yenye mifuniko, kwa sababu feni ya mashine hiyo hukausha vamikulaiti iliyo wazi kwa siku chache.

Asiye na mashine anaweza kutumia boksi la stairofomu la samaki: maji kina cha sentimita 8 hadi 10, hita ya tangi la samaki iliyozama yote, matofali mawili, makopo juu ya matofali. Hita ikichungulia nje ya maji kioo chake hupasuka, kwa hiyo ongeza maji kila wiki. Hewa juu ya maji huwa na ubaridi kidogo kuliko maji yenyewe. Soma joto la kopo, usisome namba ya kwenye hita.

Jike anachimba siku nzima lakini hatagi

Kwa kawaida mayai huonekana kupitia ngozi ya tumbo kama duara mbili za rangi ya maziwa, na jike huanza kuchimba siku moja mbili kabla ya kutaga. Akichimba hapa akaacha, akachimba pale akaacha, mara nyingi hajapata mahali. Mpe kopo la lita 2 lenye mfuniko na tundu la kupita, ndani weka unga wa makumbi ya nazi wenye unyevu, kina cha sentimita 8 au zaidi, uliweke upande wa joto. Unyevu wake uwe wa kushikamana ukifinya, bila kudondosha maji. Mchanga mkavu humporomokea na yeye hukata tamaa. Makumbi yaliyolowa chepechepe huyakimbia.

Kama mahali pako sawa na bado siku ya tatu anachimba tu, au ametaga moja na la pili linaonekana limebaki, au amelegea, macho yameingia ndani na hataki chakula, hilo ni yai lililokwama. Usilikamue. Yai likipasukia ndani unampoteza jike. Mlaze kwenye maji vuguvugu ya nyuzi 29 hadi 30 yanayofika mabegani, dakika 15, ukiwa umekaa hapo hapo, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia. Kuna dawa za kusukuma yai na kuna upasuaji, na vyote ni kazi yake.

Sababu ya nyuma ya kukwama mara nyingi ni kalsiamu. Jike anayetaga mara nne tano kwa msimu hutoa chokaa ya mifupa yake mwenyewe kama chakula hakimtoshi. Angalia kama taya limekuwa laini, miguu inapinda, vidole vinatetemeka. Wadudu wa kulisha, nyenje na mende, wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, kwa hiyo wapake unga wa kalsiamu kabonati usio na fosforasi, na kisosi kidogo chake kikae bandani wakati wote. Hapa Afrika Mashariki wengine hununua DCP (daikalsiamu fosfati, unga wa chokaa wa kulishia mifugo) kwenye maduka ya pembejeo kwa kuwa ni rahisi na ni nyeupe vilevile. DCP ina fosforasi ndani yake, na fosforasi ndiyo tunayoikimbia. Na kumbuka vitamini D3: bila hiyo, au bila taa ya UVB (inayotoa miale kama ya jua), kalsiamu hupita tumboni bila kuingia mwilini.

Yai lenye madirisha

Umelitoa yai na ganda lake lina mabaka yanayopitisha mwanga, kama karatasi iliyodondokewa mafuta. Huko ni ganda jembamba, na kosa liko kwa mama: ni ule upungufu wa kalsiamu tuliokwisha kuutaja. Yai lenyewe bado linaweza kutotoka likiwekwa vizuri, ila hupoteza maji haraka kuliko wenzake. Liweke kwenye kopo lake peke yake. Jike apumzishwe, asikutanishwe na dume mpaka uzito urudi.

Yai limebonyea

Hii ndiyo dalili inayowatia watu hofu kuliko zote, na ndiyo inayoharakisha makosa. Itazame kwa siku za yai.

Limebonyea saa chache baada ya kutagwa. Aidha lilikaa juu ya kitu kikavu usiku kucha, au halina mbegu. Lizike nusu kwenye vamikulaiti yenye unyevu, funga kopo, uliache saa 24 hadi 48. Lenye uhai kwa kawaida hunywa na kujaa likawa na ngozi iliyokaza kama puto dogo. Lisilo na uhai hubaki laini, huwa la manjano na baadaye hujikunja.

Limebonyea katikati, tuseme siku ya 20 kwenye joto la 28. Hapo shuku ukavu. Lakini usikisie. Njia ya uhakika ni mzani wa jikoni. Siku unayoweka mayai, pima kopo zima likiwa na vamikulaiti, mayai na mfuniko, uandike uzito juu ya mfuniko. Maji ambayo yai limeyanywa bado yamo ndani ya kopo, kwa hiyo hayapunguzi uzito; kinachopungua ni maji yaliyotoroka kama mvuke. Kopo lililoandikwa gramu 412 likisoma 400, linadai gramu 12, yaani mililita 12 za maji. Yaweke kwenye kona kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mbali na mayai, yakiwa na joto sawa na la mashine. Usinyunyizie juu ya yai. Bonyeo dogo hurudi ndani ya siku mbili tatu.

Uzito haujapungua na yai limebonyea? Basi kopo halijapoteza maji, na kuongeza maji kwa kukisia ni kuharibu. Ama mchanganyiko wako ulianza ukiwa mkavu mno, ama yai limekufa. Kipimo cha kuanzia ni uzito sawa kwa sawa: gramu 100 za vamikulaiti kavu na gramu 100 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Pima kwa uzito, kwa sababu kikombe cha vamikulaiti ni chepesi sana na kikombe cha maji ni kizito, na hapo ndipo watu hupata uji. Finya ngumi moja kwa nguvu: litoke tone moja au mawili tu. Ukiona mchanganyiko wako ulikuwa mkavu, ongeza gramu 10 leo, 10 kesho, ukiangalia. Usizimwage kwa pamoja.

Limebonyea mwishoni, siku saba au chini kabla ya tarehe unayotarajia, na pengine linatoa matone madogo ya majimaji juu ya ganda, kama kioo cha dirisha asubuhi ya baridi. Hiyo ni dalili njema. Kitoto kimemaliza maji yake na kinajiandaa kukata. Acha. Usiongeze maji, usimulike, usifungue mfuniko kila nusu saa.

Yai limevimba mno na ganda limevutika

Yai la geko hukua likinywa maji, na mwishoni huwa kubwa kwa wazi kuliko lilivyotagwa. Hilo ni sawa. Lisilo sawa ni lile linalong'aa, gumu kama puto lililopulizwa kupita kiasi, ndani ya wiki mbili tu. Mchanganyiko una maji mengi. Hamisha mayai kwenye kopo jipya lenye uzito sawa kwa sawa, ukiyabeba kwa kijiko pamoja na kipande cha vamikulaiti kilicho chini yake ili yasizunguke. Kulowa kupita kiasi mapema hurekebishika. Kulowa wiki za mwisho ndiko kunakozamisha vitoto vilivyokamilika, ukavikuta vimekufa ndani vikiwa na kila kitu.

Maji yanadondoka kutoka kwenye mfuniko

Sehemu ya juu ya kopo ina ubaridi kuliko ya chini, mvuke unagandia na kudondoka. Tone likilenga yai moja kila siku, upande huo huoza. Inua ukingo mmoja wa kopo kwa kipande cha mbao ili maji yateremkie pembeni. Kwenye boksi la samaki, weka kioo chenye mteremko juu ya makopo. Matundu mawili ya milimita 2 kwenye mfuniko yanatosha kwa hewa, na kufungua mara moja kwa wiki kwa nusu dakika ili hewa ibadilike.

Ukungu

Ukungu juu ya yai hai na ukungu juu ya yai viza huonekana vilevile siku ya kwanza. Ya pili hutofautiana. Yai hai huwa na ganda jeupe lililokaza na ukungu umekaa juu juu, unafutika kwa brashi laini kavu au pamba ya masikio. Yai viza ni la manjano au kijivu, limelegea, na ukungu umeshika mizizi: ukifuta kesho umerudi, manyoya marefu zaidi.

Kwa lililo hai, futa bila kuligeuza, badilisha vamikulaiti inayolizunguka, punguza unyevu kidogo. Wafugaji wengi hupaka vumbi jembamba la poda ya miguu yenye tolnaftate (dawa ya kuua kuvu) kwa ncha ya brashi, na hiyo inavumilika. Siki, spiriti na dawa ya kufulia zisikaribie ganda. Linapitisha kila kitu ndani. Chimbuko la ukungu kwa kawaida ni makumbi yaliyonasa kwenye yai kutoka sanduku la kutagia, vidole visivyooshwa, au yai viza lililoachwa pembeni. Viza likiwa limejitenga, litoe. Likiwa limegandana na zima, usibandue, utalipasua lile zima. Lizungushie vamikulaiti kavu kidogo ukaendelee kufuta.

Osha mikono kabla na baada. Geko hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila kuumwa, na watoto wa nyumbani ndio wanaoipata.

Siafu, sisimizi na nzi wadogo nao hunusa yai lililovuja. Miguu ya meza isimame ndani ya makopo ya maji yenye mafuta kidogo, kama unavyofanya kwa kabati la sukari. Matundu ya mfuniko yazibwe kwa kitambaa chepesi.

Nikimulika sioni kitu

Tochi ndogo ya LED, chumba chenye giza, sekunde tano, tochi pembeni ya yai likiwa palepale lilipo. Mapema sana yai lenye mbegu huonyesha doa la waridi upande wa juu. Kufikia siku ya 7 hadi 14 unaona mishipa ya damu kama mizizi ya mche. Baadaye kiza hujaa kutoka upande mmoja, na wiki za mwisho huoni chochote zaidi ya weusi. Weusi huo ni kitoto.

Manjano safi kila upande baada ya siku 14 maana yake ni tasa. Chanzo kinaweza kuwa jike hajapandwa (hutaga hata bila dume), au ni uzao wake wa kwanza, ambao mara nyingi huwa mtupu, au dume ni mchanga. Upande wa pili, usishangae jike aliyetenganishwa na dume miezi kadhaa akitaga mayai yenye mishipa. Huhifadhi mbegu na mpando mmoja unaweza kutosha msimu.

Mishipa iliyoonekana wiki iliyopita leo imekuwa mstari mmoja wa kahawia, au pete ya damu: kiinitete kimekufa. Hata hivyo, sheria ya kutupa iwe hii: yai lisilonuka na lisilovuja libaki mahali pake. Tochi huwadanganya hata wazoefu.

Yai limeviringika

Ndani ya saa 24 za kwanza haidhuru. Baada ya hapo kiinitete kimeshapanda juu na kushika kwenye utando wa ganda; ukiligeuza kinabaki chini ya uzito wa kiini cha njano. Ndiyo maana siku ya kwanza unaweka alama ya X juu kwa penseli laini, bila kubonyeza. Kama hakuna alama, mulika: doa la waridi lirudi juu. Fanya hivyo polepole, kisha subiri. Mayai yaliyogandana tangu kutagwa yaachwe yalivyo.

Joto: Dar, Nairobi, Muscat

Geko chui huchagua jinsia kwa joto. Kwenye nyuzi 26 hadi 27 wengi huwa majike, kwenye 30 huchanganyika, kwenye 32 hadi 32.5 wengi ni madume, na ukifika 34 majike hurudi, ila hao wa joto la juu huwa wakali na wengi wao hawazai vizuri. Jambo hili hupangwa wiki za mwanzo, kwa hiyo kubadilisha namba mwezi wa pili hakubadilishi jinsia. Kunabadilisha siku tu. Kwa anayeanza, nyuzi 28 ni mahali salama pa kukosea: kuna nafasi ya kutosha kabla ya hatari. Anayelenga 32 amebakiwa na nyuzi 3 tu kabla ya 35, ambako mayai hufa, au hutoa vitoto vyenye mkia uliopinda.

Sasa, termostati hupasha tu, haipozi. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, chumba cha bati kinaweza kupita 32 mchana, na mashine uliyoiweka 28 itasoma 33 hita ikiwa imezimika. Hakuna kilichoharibika kwenye mashine. Ihamishe chumba cha chini kisicho na dirisha la magharibi, sakafuni, ukiongeza chupa mbili za maji baridi ndani kama uzito wa kutuliza joto, uzibadilishe saa sita mchana. Muscat wakati wa kiangazi swali ni moja: kiyoyozi cha chumba hicho kizimwe na nani, na lini. Andika mlangoni kisizimwe. Nairobi mambo ni kinyume. Usiku wa Julai chumba hushuka chini sana na hita ndogo hukesha ikifanya kazi bila kufika. Zungushia mashine blanketi, ukiacha matundu ya hewa.

Umeme ukikatika, usiharakishe. Yai la geko huvumilia ubaridi kuliko joto. Kushuka hadi 22 kwa usiku mmoja humchelewesha kitoto, hakumuui. Funga mashine, usiifungue kuchungulia, weka chupa ya maji ya vuguvugu (ya kushikika mkononi, si ya kuchemka) iliyozungushiwa taulo, mbali na makopo. Waliopoteza mayai usiku wa giza wengi wao waliyapikia kwa chupa ya maji moto.

Siku zimepita na hakuna kitu

Kwenye 32, tarajia siku 35 hadi 50. Kwenye 28, karibu siku 50 hadi 65. Kwenye 26, siku 60 hadi 75, na wengine huchelewa. Kabla hujasema yamepitisha, rudia jaribio la barafu: mashine unayodhani ni 28 huenda ni 26 tangu mwanzo, na mayai yako yana wiki mbili mkononi. Yai lililokaza, jeupe, lisilonuka, liache.

Ukiisha kuwa na hakika limekufa, lifungue kwa mkasi mdogo juu ya karatasi, nje ya nyumba. Watu huona kinyaa wakalitupa, na hapo wanatupa jibu. Uji wa manjano mtupu: lilikuwa tasa. Kiinitete chenye macho meusi na mwili mdogo: kilikufa katikati, angalia daftari la joto la wiki hiyo. Kitoto kamili, kimelowa, majimaji mengi: unyevu ulizidi mwishoni. Kitoto kamili kilichogandia kwenye utando mkavu: maji yalikwisha. Mgongo uliopinda: joto lilipanda. Mayai mawili ya jike mmoja yakifa hatua ileile, na ya jike mwingine kwenye mashine hiyohiyo yakatotoka, rudi kwa mama na chakula chake.

Kitoto kimekata ganda lakini hakitoki

Kinaanza na mpasuko mmoja au miwili, pua inachungulia, halafu kinatulia. Saa 12, saa 24, kimekaa kichwa nje. Hakijakwama. Kinavuta ndani kiini cha njano kilichobaki, na ukikivuta sasa utakitoa na mfuko wa kiini na mishipa inayovuja damu. Geko wa gramu 3 hana damu ya kupoteza.

Ingilia kama saa 36 zimepita na utando umekauka ukamshika ngozi. Tone moja la maji vuguvugu kwenye mpasuko, subiri saa moja, tone jingine. Usikate. Akitoka na kifuko tumboni, mweke juu ya tishu nyeupe yenye unyevu ndani ya kopo dogo, arudi kwenye mashine, asiguswe hadi kifuko kiishe na kitovu kifunge. Yai la pili kwa kawaida hufuata ndani ya siku moja hadi tatu. Mwondoe aliyetoka ili asilizungushe la mwenzake.

Hatakula siku tatu nne za kwanza, mpaka ajichubue ngozi ya kwanza. Ana kiini chake. Baada ya hapo nyenje wa milimita 5, waliopakwa kalsiamu, kila kitoto bandani mwake.

Mayai ya ganda gumu, yaliyogandishwa

Geko tokai, geko wengi wa mchana wa jenasi Phelsuma, na mjusi kafiri hutaga mayai yanayokauka kama chokaa, baadhi yakiwa yamegandishwa kwenye kioo, mwanzi au ubao. Kanuni za juu hapa hazifanyi kazi. Usibandue: ganda litavunjika kabla gundi haijaachia. Kama yapo kwenye mwanzi, toa mwanzi wote. Kama yapo kwenye kioo, yafunike kwa nusu ya kikombe cha plastiki chenye matundu, kibandikwe kwa utepe, kwa sababu wazazi wa aina kadhaa huwala watoto wao. Usiyazike kwenye vamikulaiti wala kuyalowesha. Yaliyotagwa bila kugandishwa yakae ndani ya kizibo cha chupa juu ya vamikulaiti yenye unyevu. Yai gumu lililobonyea halirudi. Lenye ufa mwembamba linaweza kuendelea ikiwa utando wa ndani haujatoboka.

Na kuna mmoja wa kwetu anayestahili kutajwa peke yake: mjusi mdogo wa buluu, Lygodactylus williamsi, anayeishi kwenye mikadi (mimea ya Pandanus, yenye majani marefu ya miiba) ya msitu wa Kimboza na maeneo machache ya jirani mkoani Morogoro, na hutaga mayai yake madogo magumu mlemle kwenye mikadi. Wakusanyaji walikuwa wakikata mikadi mizima ili kumpata, wakiondoa nyumba na mayai kwa panga moja. Tangu 2017 yumo kwenye Kiambatisho cha I cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Ukimkuta anauzwa sokoni, au ukaletewa mayai yake kwenye kipande cha mkadi, usinunue; toa taarifa kwa maofisa wa wanyamapori. Anayemfuga kihalali kutoka kizazi cha bandani, mayai yakiwa kwenye jani au mwanzi, akate kipande hicho chote, akiweke wima kilivyokuwa ndani ya kopo lenye hewa, vamikulaiti yenye unyevu chini isiyogusa mayai, na matundu madogo kuliko kichwa cha kitoto, ambacho kinapita kwenye upenyo wa milimita chache tu.